Mkono wa Kushoto wa Zimwi

Mafundi cherehani ni waongo, na ninasema hivi nikiwa nimevaa suruali niliyoahidiwa ya harusi ya kaka yangu, nikaja kukabidhiwa wakati kaka ana mtoto anayetambaa. Lakini uongo wao hauna nia mbaya. Fundi hakudanganyi ili akuibie. Anakudanganya ili uondoke pale dukani ukitabasamu, naye apate nafasi ya kupumua. Ukirudi atakuwa na uongo mwingine, umeshapigwa pasi, unakungoja.

Huyu ninayemsimulia alikuwa bingwa wao. Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwepesi wa miguu, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni tangu asubuhi hadi anapokwenda kulala, na mkewe ndiye aliyekuwa akimkumbusha kuivua. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara: cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, meza ndefu ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, benchi la wateja, na nyuma ya pazia, stoo yenye bomba la maji na choo. Rafuni kulikuwa na mafurushi ya vitambaa vya watu, kila furushi na kikaratasi chake, na baadhi ya vikaratasi vilikuwa vimefifia wino.

Sasa nitoe siri ambayo mafundi hawaipendi. Nyuma ya "njoo kesho" ya fundi mara nyingi kuna kitambaa kilichoharibika. Mkasi umepotoka. Hawezi kukurudishia, kwa sababu kitambaa kilichokatwa hakiungani tena, na hawezi kukushonea, kwa sababu hakitoshi. Kilichobaki ni maneno. Katika miaka thelathini ya kazi, Fundi Kesho hakuwahi hata mara moja kumwambia mteja, "Nimekuharibia." Angezunguka mji mzima kutafuta kitambaa kinachofanana, angeunga, angeweka lasi mahali pasipotaka lasi, angesingizia umeme, mvua na msiba wa shangazi. Shangazi yake huyo alikufa mara nne.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mazimwi yalipoingia mjini.

Yalishuka mwaka ule misitu ya juu ilipokwisha. Hayakuja kula mtu. Yalikuja na mizigo yao kichwani, yakapanga foleni kwenye ofisi ya mji kuomba vyumba na kazi. Wiki mbili za kwanza watu walifunga milango mchana kweupe. Wiki ya tatu mwalimu mkuu mmoja akaajiri zimwi kuwa mlinzi wa geti, na wanafunzi wakaanza kuwahi shule. Tangu hapo mambo yakalainika. Vibwengo vikapata kazi ya kuzibua mabomba, kwa kuwa vinapita popote, na jini mmoja wa kike akafungua saluni ambayo kupata nafasi humo ni shughuli. Watu ni watu; huzoea chochote kikisimama kwenye foleni kwa adabu.

Jambo moja tu lilihitaji uangalifu, na ofisi ya mji ilisambaza tangazo kila duka. Liliandikwa kwa herufi kubwa: ZIMWI HALITANII NA HALISAHAU. UKILIAHIDI NENO, NENO LITAKUSHIKA. CHUNGA ULIMI WAKO. Wauza nyama wakaacha mizaha. Vijana wakaacha kuapa ovyo. Mtaa mzima ukajifunza kusema "huenda" na "nitajaribu." Fundi Kesho alibandika tangazo lake karibu na kioo, akalisoma, akacheka, akaendelea na kazi.

Jumatatu moja asubuhi zimwi likaingia dukani kwake. Lilijikunja mara mbili ili lipite mlangoni. Lilikuwa na rangi ya chungu cha zamani na harufu ya udongo ulionyeshewa. Mkono wa kulia lilikuwa limeshika furushi, na wa kushoto lilikuwa limeuweka nyuma ya mgongo kama mzee anayekagua shamba lake.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, bosi wangu! Karibu, karibu kiti. Aa, kiti hakitoshi, karibu benchi."

Zimwi likaketi. Benchi likalalamika. "Nataka koti," likasema. "Nimepata kazi maktaba, ya kutunza vitabu. Wamenichukua kwa sababu sisahau. Naanza tarehe mosi." Likafungua furushi mezani. Ndani mlikuwa na kitambaa ambacho Fundi hakuwahi kukiona katika maisha yake, kizito na laini kwa pamoja, cha kijivu kinachogeuka kijani ukikisogeza kwenye mwanga. "Alikifuma mama yangu. Miaka saba. Amekufa amebakiza pindo. Hakuna kingine."

"Kiko mikono salama," Fundi akasema, kama anavyosema kila siku.

Akapanda juu ya stuli, akapima. Kifua, mgongo, mabega, shingo. Akapima mkono wa kulia tangu begani hadi kifundo, akaandika. Hapo akashuka. Mkono hupimwa mmoja. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo fundi yeyote afanyavyo: unapima mkono mmoja, unakunja kitambaa, unakata mikono yote miwili kwa mkupuo. Nani ana muda wa kupima mara mbili kitu ambacho Mungu amekiumba sawasawa?

"Litakuwa tayari lini?" zimwi likauliza.

"Kesho jioni."

"Kweli?"

Miaka thelathini wateja walikuwa wakimuuliza hivyo, wakiwa wamekunja uso, naye miaka thelathini alikuwa na jibu lake. Akaligonga gonga zimwi begani, ingawa ilibidi anyooshe mkono juu kabisa. "Bosi wangu, sitoki mlango huu mpaka koti lako liishe!"

Nje, chini ya kibaraza, mshona viatu jirani yake alisikia. Nyundo ikamponyoka.

"Sawa," likasema zimwi. Likaondoka, likisema litarudi saa tisa kujaribu.

Siku ile Fundi alikuwa na haraka, na ni lazima niseme haraka ya nini, maana hapo ndipo uchungu wote wa habari hii ulipo. Dada yake mkubwa alikuwa hospitali. Wazazi wao walipofariki, Fundi alikuwa na miaka sita na dada kumi na saba, na dada akakalia cherehani ya kuazima akamlisha, akamvika, akamsomesha. Utoto wake wote Fundi aliupitisha chini ya meza ya dada akiokota pini. Sasa dada alikuwa amelazwa wiki mbili, tumbo, na Fundi hajakanyaga wodini. Kila jioni alipanga kwenda kesho. Sababu aliijua mwenyewe, ila hakumwambia mtu: alikuwa anaogopa kumwona mtu yule amelala. Jumatatu hiyo alikuwa amemwapia mkewe kwamba leo, leo hii, jioni, anakwenda.

Kwa hiyo saa sita mchana alikunja kitambaa, akachora kwa chaki, akakata. Mkasi uliteleza vizuri mno. Saa tisa zimwi likarudi, akalivisha koti lililoshikizwa kwa nyuzi za muda. Bega safi. Mgongo safi. Mkono wa kulia, safi kabisa, hata mwenyewe akajipongeza moyoni.

Kisha zimwi likautoa mkono wa kushoto kutoka nyuma ya mgongo.

Ulipita goti. Vidole vilikuwa vinakaribia kugusa sakafu. Koti liliishia kwenye kiwiko.

"Watu wanaogopa nikiuonyesha," likasema kwa aibu. "Kwa hiyo nauficha. Mbona mkono huu ni mfupi?"

 Fundi alitazama vipande vilivyobaki mezani, akavikadiria kwa jicho, akajua papo hapo kwamba havifiki, haviwezi kufika. Na mdomo wake, bila hata kumuuliza, ukasema, "Usijali, bosi. Hapo bado vifungo tu."

"Vifungo," likarudia zimwi. Likaamini. Likaketi benchini kungoja.

Jioni Fundi akaliomba radhi, akaliaga kizingitini, akafunga madirisha, akazima pasi, akapiga hatua kutoka. Mguu ukaenda nje. Akaona barabara, akaona mshona viatu anakusanya vifaa vyake, akahisi upepo usoni. Halafu akajikuta anaitazama meza yake ya kukatia. Akageuka, akatoka tena. Meza. Akatoka kinyumenyume. Meza. Mara ya sita akakaa kizingitini akihema, na mshona viatu akamwambia kwa upole usio wa kawaida yake, "Fundi, ulisema hutoki. Nilikusikia kwa masikio haya."

Hivyo ndivyo alivyofungiwa dukani kwake mwenyewe.

Siku za kwanza zilikuwa na kichekesho chake. Mkewe alileta godoro, akalitandika chini ya meza. Wateja waliposikia kwamba Fundi Kesho hawezi kutoroka, walikuja kama siafu. Akina mama waliokuwa wamekata tamaa na magauni yao tangu mwaka juzi walisimama mlangoni, mikono kiunoni, wakisema, "Haya, baba, tuko wote." Akashona. Katika siku nne alimaliza mafurushi yaliyokaa rafuni miaka mitatu, na mengine wenyewe walikuwa wamenenepa au wamehama.

Mshona viatu akaja na hila. Kwanza apite dirishani: akapita, akaangukia stoo. Kisha akaja na wanaume watatu, wakambeba Fundi kama kabati, wakatoka naye kwa nguvu mpaka barabarani, na wote watano wakajikuta ndani, wamebanana mbele ya kioo. "Basi mimi nimeshindwa," akasema mshona viatu, akijikagua kama viungo vyake vyote vimerudi.

Na zimwi lilikuja kila siku. Saa mbili asubuhi liko benchini, linakaa hadi jioni, halisumbui mtu. Linauliza tu, kwa sauti ya chini, "Tayari, fundi?" naye anajibu. Vifungo havijapatikana. Bitana inataka kunyooshwa. Uzi wa rangi hii umekwisha dukani, wanaleta. Kila akijibu, zimwi linasema, "Sawa." Halikunji uso wala haliguni. Fundi alikuwa amezoea kudanganya watu wanaojua kwamba wanadanganywa, na hilo ni kama mchezo wa wawili. Zimwi lilikuwa linaamini. Kila uongo ulikwenda ukatua palepale alipoutupa, mzima, na Fundi alianza kuhisi aibu ambayo hakuwa ameijua tangu utotoni.

Wakati zimwi halipo, alihangaika na mkono ule. Alifumua akaunga vipande vya pembeni, mshono ukavimba. Akafumua tena. Akaweka kitambaa cha bitana mwishoni. Ukawa kama mguu uliofungwa bendeji. Akakata kidogo hapa ili kuongeza kule, na kwapa likapwaya. Kila alipojaribu kuficha, akala sehemu nyingine ya kitambaa. Koti lilikuwa likifa mikononi mwake, naye anaona.

Siku moja zimwi likamwambia, bila kuulizwa, "Mama yangu naye mkono wake wa kushoto ulikuwa hivi. Alikuwa anafumia huo. Alikuwa anakaa huku na uzi uko kule, anauvuta bila kuinuka." Likatabasamu, na meno yalikuwa mengi kuliko inavyopendeza kuangalia. "Nitalivaa koti, nitakaa maktaba, na watu wataona kazi yake."

Fundi akaingia stoo akafungulia bomba, asisikike akilia.

Mkewe alikuja kila siku akitoka hospitali, na ndiye aliyekuwa akileta habari. Jumanne: dada amekula kidogo. Alhamisi: dada amekataa kula. Jumamosi: dada anauliza mdogo wangu yuko wapi. Wakampigia simu kutoka wodini. Dada akaisukuma simu pembeni. "Sitaki sauti," akasema. "Sauti yake naijua. Namtaka yeye."

"Mpe zimwi kitambaa chake," mkewe akamwambia siku ya Jumapili, duka limefungwa, wamekaa wawili chini ya meza na birika la chai. "Mwambie umeharibu. Ukirudisha kazi, kazi haipo. Na kazi isipokuwepo, hiyo ahadi itashika nini?"

"Kitambaa nimekikata, mama. Kinarudije?"

"Kinarudi kimekatwa."

"Litanila."

"Likikula utakuwa umetoka."

Fundi hakucheka. "Hujui unachosema. Mimi sijawahi kurudisha kitambaa cha mtu. Tangu nianze kazi hii."

"Najua hujawahi," akasema mkewe, na sasa hasira zilimpanda. "Ninaishi na wewe. Vile vitambaa ulivyofukia chini ya kitanda chetu unadhani mimi nafikiri ni mito? Mtu mzima unafungwa na maneno mawili! Si pingu, si ukuta, maneno mawili ya mdomo, na unayo, na hutaki kuyatoa. Dada yako anakwisha kule." Akakusanya vikombe akatoka. Mlango ulimruhusu yeye bila tatizo lolote, na Fundi alimtazama akienda zake barabarani mpaka akakunja kona.

Nisimtetee, lakini nimweleze. Si kuliwa tu kulikomtisha. Miaka yote ile alikuwa fundi asiyeshindwa. Hilo tu ndilo lililomtofautisha na yule yatima wa chini ya meza. Aliona kwamba siku akifungua mdomo aseme "nimeharibu," yote yatafumuka kama mshono wa haraka, na hatabaki na kitu cha kushika. Akajipa moyo kwamba atapata njia. Jumatatu akajaribu kushona upya. Jumanne pia. Jumatano alikaa tu, koti mapajani, sindano mkononi, hashoni.

Alhamisi, saa nne asubuhi, mkewe akaja. Hakuwa na kikapu. Zimwi lilikuwa benchini, na mkewe hakulijali, akasema palepale mlangoni:

"Daktari ametuita jana jioni. Amesema hana tena la kufanya. Huenda leo, huenda kesho. Asubuhi hii Dada amekuulizia tena, nikamwambia una kazi nyingi. Unajua amesema nini? Amesema, 'Mwacheni afanye kazi.'" Akayarudia. "Mwacheni afanye kazi, amesema."

Fundi akainuka. Kwa kweli alikuwa anaogopa kufa. Akalichukua koti mezani, na vipande vyote, hata vile vidogo vya ukubwa wa kidole, akavikusanya ndani yake, akaenda akasimama mbele ya benchi.

"Tayari, fundi?" zimwi likauliza.

"Nimekuharibia kitambaa chako," akasema Fundi.

Zimwi likamtazama.

"Siku ile ile ya kwanza. Nilikupima mkono mmoja, nikakata miwili. Nikaona kwamba nimekosea, nikaficha. Nilipokuwa naficha nikazidi kukiharibu. Halikuwa limebakiza vifungo wala bitana wala uzi. Nilikudanganya. Siwezi kulimaliza koti hili. Hakuna fundi anayeweza, kwa sababu nimekwisha kulikata."

Mkewe pale mlangoni alikuwa amejishika mdomo. Nje, nyundo ya mshona viatu ilinyamaza. Zimwi likalipokea koti, likalikunjua polepole magotini. Likapitisha kidole kwenye kila kiungo, kwenye kila mahali alipofumua na kushona tena. Pumzi zake zikawa nzito hata kioo kikaingia ukungu.

"Vifungo mara tisa," likasema mwishowe. "Bitana mara sita. Pasi mara nne. Uzi mara mbili. Yote hayo hayakuwa?"

"Hayakuwa."

"Mama yangu alifuma miaka saba."

"Najua. Uliniambia. Nilijua nilipokuwa nakudanganya."

Zimwi likasimama, na kichwa kikagusa dari. Fundi akafumba macho. Akasikia benchi likisogezwa, akasikia kitambaa kikitikiswa, na alipofumbua, zimwi lilikuwa limelivaa koti. Mkono wa kulia ulilikaa vizuri, wa kushoto ulitokeza mrefu na mtupu kuanzia kiwiko, na vipande vidogo lilikuwa limevitia mfukoni.

"Babu yangu angekula," likasema. "Mimi nina kazi tarehe mosi. Lakini nimekasirika, fundi, na sitakusamehe. Na mimi sisahau."

"Una haki," akasema Fundi.

"Kazi umeirudisha. Huna ahadi kwangu." Likajikunja mara mbili likapita mlangoni. Barabarani halikuuficha tena mkono nyuma ya mgongo. Liliuacha ukining'inia, watu wakipisha.

Fundi akaenda kizingitini. Akatoa mguu mmoja. Ukakaa nje. Akatoa wa pili, akasimama juani akipepesa macho, na mkewe akampiga kofi la mgongo. "Unangoja nini? Kimbia!"

Akakimbia, na ndara zake za dukani, na futi shingoni. Alikuwa hajatembea zaidi ya hatua kumi na mbili kwa mstari kwa siku kumi, na pumzi zilimwisha kabla ya kufika sokoni. Akatembea, akakimbia tena. Hospitalini akapanda ngazi hadi wodi ya wanawake, ghorofa ya kwanza. Nesi aliyekuwa mezani akaangalia saa, akamnyooshea kidole kitanda cha mwisho kando ya dirisha.

Dada alikuwa hai. Alikuwa amekuwa mdogo sana. Fundi alisimama mbali kidogo, kwa sababu kitanda kilikuwa kimezungukwa na binti zake wawili na jirani yake, na wote walikuwa wanatabasamu. Tabasamu zile alizitambua mara moja. Alikuwa amezivaa miaka thelathini.

"Mama, leo uso umechangamka," binti mkubwa alikuwa akisema, kijiko cha uji mkononi. "Wiki ijayo uko nyumbani, unatugombeza."

"Wiki ijayo?" jirani akadakia. "Mimi nasema Jumapili!"

Dada akageuza kichwa akamwona mdogo wake. "Umekuja."

"Nimekuja, Dada. Nimechelewa."

"Umechelewa sana."

"Sana."

Akampa mkono, Fundi akaushika. Ulikuwa mwepesi na wa moto. Dada akamkagua kuanzia ndara hadi futi, kama alivyokuwa akimkagua kabla ya kumwachia aende shule. "Hawa wananiambia natoka wiki ijayo," akasema. "Daktari ananiambia tutaona. Nesi ananiambia nile. Na wewe niambie. Natoka lini?"

Binti mkubwa akamtolea Fundi macho ya kumsihi. "Mjomba," akasema taratibu.

Maneno yalikuwepo, matamu, yamejipanga ulimini, na hakuna mtu mjini aliyeyajua vizuri kuliko yeye. Fundi aliogopa tena, kama asubuhi ile mbele ya benchi.

"Hutoki, Dada," akasema. "Daktari amesema hana tena la kufanya."

Kijiko kikaanguka. "Mjomba! Una akili kweli wewe?" Jirani akasema astaghafiru, akageukia dirisha. Binti mdogo alikuwa ameshaelekea mlangoni, kaziba uso kwa mikono. Dada akainua kiganja, na wote wakanyamaza.

Alitazama dari muda mrefu. Fundi akaona amemuua kwa mdomo wake. Kisha kifua cha dada kikashuka, polepole, kama mtu anayetua ndoo.

"Siku zote hizi," akasema. "Mwili unaniambia hivi, ninyi mnaniambia vile. Nikitaka kusema neno mnanitia kijiko mdomoni. Nilidhani nimerukwa na akili. Watu wamejaa hapa kila siku, na mimi niko peke yangu." Machozi yakamtoka, yakateremka pembeni kuelekea masikioni, wala hakuyafuta. "Naogopa, mdogo wangu."

Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia akisema hivyo. "Hata mimi," akasema Fundi.

"Wewe, rudi hapa," dada akamwita binti yake mdogo. "Kila siku mnakwenda kulia kwenye ngazi, mnadhani sisikii. Lieni hapa hapa, niwaone."

Akarudi, wakalia wote wawili mbele yake, na Dada akawashika vichwa mmoja mmoja. Walipotulia akagonga gonga godoro kwa vidole.

"Kaa," akamwambia mdogo wake. "Nina mengi ya kusema, na pumzi ni chache."

Fundi akakaa kitandani, ingawa tangazo la ukutani lilikataza, na dada akaanza kusema.